Mkono wa Kuwashia Injini

Mimi ni mtu wa hasira, sikatai. Hapa Kadutu, mjini Bukavu, kila mtu anajua kwamba ukija karakana yangu mimi Philémon kunifundisha kazi ya chuma, utarudi nayo masomo yako. Ndiyo maana siku Bibiane aliponiambia mashine yangu ni mbaya, hata wauza nyanya wa ng'ambo ya barabara waliacha kupanga mafungu yao wakageuka kututazama.

Bibiane anatoka Luhwindja, kwenye machimbo ya dhahabu. Kwa miaka kumi na minane yeye na wenzake kumi na mmoja wametwanga mawe. Wanaume wanayatoa shimoni, wanawake wanayaponda kwa kinu na mchi wa chuma mpaka yawe unga, kisha unga unaoshwa kutafuta dhahabu. Nimewahi kuwaona wakifanya kazi hiyo. Vumbi linawafunika mpaka kope, na jioni mikono inakataa kushika kijiko. Lakini watoto wao wamesoma kwa kazi hiyohiyo.

Sasa mashine za kusaga mawe zimefika kule. Moja inasaga kwa saa moja kile wanachotwanga wanawake kumi na wawili kutwa nzima. Guylain, mwenye shimo lao, anayeitwa PDG, yaani mkurugenzi mkuu, kama wenye mashimo wote, alikuwa tayari kuleta ya kwake. Bibiane akamwendea mapema na kumwambia: mashine tutaleta sisi, wewe utupe mawe. Guylain alicheka, kisha akakubali kwa sharti moja. Angeshuka Bukavu Jumamosi aione ikifanya kazi mbele ya macho yake. Ikishindwa, ataleta ya kwake, na wao warudi kulima mihogo.

Binti yangu Tatiana anafundisha historia sekondari. Kila mwaka namsikia pale mezani akiandaa somo la mapinduzi ya viwanda: jinsi mitambo ya mvuke ilivyowanyang'anya kazi wafumaji wa Ulaya, jinsi wenye mitambo walivyopata mali, kisha meli, kisha bunduki, mpaka wakatufikia huku wakitafuta mpira na madini. Kuna wafumaji, anasema, waliochukua nyundo wakaivunja mitambo. Nilipomsimulia habari za Bibiane, aliweka kalamu chini.

"Papa, huyu hakukuya na nyundo," alisema. "Amekuya kutengenezesha yake!"

Na mimi niliitengeneza vizuri. Injini ilitoka China. Pipa la kusagia nililikata kutoka tangi la kiwanda cha chai kilichokufa zamani, ambalo Wazungu waliliacha likiota kutu. Beringi ni za lori la Kijerumani. Nusu ya dunia ilikuwa imelala vipande vipande sakafuni kwangu, nikaiunganisha ikawa kitu kimoja. Nilijivuna, kwa nini nisijivune?

"Iko mubaya," alisema Bibiane.

"Mubaya namna gani? Moteur iko mupya!"

"Moteur iko muzuri. Kuiwasha njo kubaya. Manivele iko juu sana, siwezi kuizungusha."

Manivele ni ule mkono wa chuma wa kuzungushia injini hizi ili iwake. Nikamjibu kwa dharau kidogo, nakiri. "Maman, utatafuta kijana mumoja wa nguvu akuwashie. Ni kazi ya dakika mbili."

Hakunipandishia sauti. Alivuta ndoo, akaigeuza, akakaa juu yake. Akanieleza habari za wanawake wa upande mwingine wa eneo lao la Mwenga waliochanga wakapata mashine yao, wakamchukua kijana wa kuwasha.

"Wiki ya kwanza alikuwa anafika saa kumi na mbili ya asubui. Ya pili, saa tatu, bamama banamungojea tu. Mwezi wa pili akasema: bila mimi haiwake, basi mimi njo chef. Leo mashine iko yake, bo banamubebea mawe. Papa Philémon, mimi sitaki mashine ya namna ile."

Nilikasirika, na hasira ilizidi kwa sababu alisema kweli. Nimetengeneza mashine zaidi ya thelathini katika mji huu, na zote niliziweka kwa kimo cha kifua changu. Haikunipitia akilini hata mara moja kwamba kwa kupima chuma nilikuwa nachagua nani atakuwa bosi.

Alhamisi nikakata miguu ya fremu mpaka manivele ikafika kiunoni mwa Bibiane. Nikairefusha na manivele yenyewe ili iwe nyepesi. Bado walishindwa. Wenzake wote walikuwa wameshuka naye kwa lori, wakajaribu mmoja mmoja, na injini ikaisukuma manivele kuwarudia kinyume. Hapo Cibalonza, mdogo kuliko wote, mwenye mtoto mgongoni, akauliza: "Juu ya nini tunazungusha mumoja mumoja? Kwenye kinu tunatwangaka babili."

Ni kweli, kwenye kinu kimoja wanasimama wawili wakitazamana. Mchi wa huyu unashuka wa yule ukipanda, na sauti zao ndizo zinazowapatanisha wasigongane. Ijumaa nikalehemu kwenye manivele mshiko mrefu wa kutosha mikono minne. Mtu wa tatu atashika kile kikonyo kidogo cha juu kinachoachia pumzi ya injini ili izunguke kirahisi. Wawili wanazungusha kwa kasi, wa tatu anaachia kikonyo, injini inashika. Ila akiachia mapema, mkono wa chuma unagoma ghafla, na hapo mfupa wa mtu unaweza kuvunjika. Niliwaambia hivyo mara tatu. Bibiane akasema kikonyo atashika yeye.

Jumamosi Guylain alifika na viatu vyeupe, akipita pembeni kukwepa grisi. Alinisalimia mimi, wanawake hakuwatazama.

"Bien, Papa Philémon. Washa tuone."

Kabla sijafungua mdomo, Bibiane alinigeukia. "Papa Philémon, toka inje."

"Nitoke mu atelier yangu?"

"Toka. Simama kule kwa bamama ba nyanya. Ukibakia humu, atasema njo wewe umewasha."

Kwenye mlango ule nimewafukuza wadai, watoza kodi, hata shemeji yangu. Mimi mwenyewe sikuwahi kufukuzwa. Nilitoka nikinung'unika, na nilipompita Cibalonza akanipakatisha mtoto wake. Nikavuka barabara.

Nikasikia sauti zao zikianza. Injini ilikohoa, ikazimika. Miguu yangu ikaondoka yenyewe, muuza nyanya akanikamata shati. "Bakia!" Mara ya pili chuma kiligonga kwa kishindo na mtu akapiga yowe, nami nikafunga macho. Nilimwomba Mama Maria ailinde mikono ile, maana ndiyo waliyonayo. Kisha sauti zikaanza upya, taratibu, zikipokezana kama kwenye kinu, zikapanda, zikapanda, na moshi mweusi ukatoka mlangoni. Injini ilikuwa inanguruma. Muda kidogo nikasikia mawe yakisagika ndani ya pipa, na machozi yakanitoka mbele ya wauza nyanya wote.

Guylain akatokea mlangoni mbio, akinitafuta. Nilijua anatafuta nini: hakuyaamini macho yake, alidhani nimewasha kwa hila, akitaka kuona grisi mbichi mikononi mwangu. Aliniona ng'ambo ya barabara, mikono yote miwili imembeba mtoto, na mtoto amenikojolea shati. Alinitazama sana. Halafu akarudi ndani, nami nikamfuata.

"Maman," alimwambia Bibiane, akipaza sauti kuishinda injini, "nilete mawe siku gani?"

Bibiane alinyanyua kikonyo, injini ikapumua, ikazima. Kifundo cha mkono wake kilikuwa kimevimba kwa lile pigo la manivele. Cibalonza na mwenzake wakapisha kwenye manivele, na wanawake wawili waliokuwa wamesimama ukutani wakaja kuishika.

"Ungojee kwanza," alisema. "Kuna tisa habajawasha."

Na Guylain, mwenye shimo, akangoja mpaka wa mwisho.