Wavu wa Baba Zena

Mimi si mtu wa kutishika ovyo. Nimewauzia madereva wa malori kambale wa kubanika pale Mikumi kwa miaka kumi, na dereva aliyelewa hapishani sana na shetani. Nalisema hili mapema, asije mtu akaniambia kwamba nilisikia upepo.

Bwawa letu la Magoha liko Kilosa, mbali na barabara kuu. Zamani wavuvi walisuka nyavu zao kwa katani. Wavu ukichakaa ulitupwa majini, ukaoza, basi. Kisha soko huria likatuletea neema zake: mitumba, redio, mifuko ya rambo, na nyavu za nailoni. Wanaume wetu wakashika desturi ile ile, wavu ukichakaa, majini. Kumbe nailoni haijui kufa. Nyavu zilizotupwa ziliendelea kuvua zenyewe huko chini. Samaki walinasa, wakaoza, na harufu yao ikawaita wenzao. Ukipita na mtumbwi unaona maboya yanacheza, na mvuvi hayupo.

Mwaka 1995 Petro, mnunuzi wetu wa samaki mwenye gesti Mikumi, akachoka. Alimpasua kambale mbele yetu akatoa tumboni kipande cha rambo.

"Wageni wangu hawali mifuko," alisema. "Safisheni bwawa, la sivyo naacha kununua."

Koinet, mfugaji wa ng'ambo ya bwawa, naye alikuwa na lake. Ng'ombe wake watatu walikuwa wamekufa, na alipowapasua alikuta matumbo yamejaa plastiki. Basi wakapatana. Petro alete magunia na pikapu, Koinet alete punda wa kubebea, wavuvi waingie majini.

Nilifurahi kuliko wote, na sababu yangu haikuwa usafi.

Miaka mitatu kabla ya hapo, mume wangu Ashrafu alikwenda kutega wavu wake asubuhi, mtumbwi ukarudi peke yake. Maiti haikuonekana. Tangu siku hiyo sikuwa mke, sikuwa mjane. Shekhe aliniambia nisubiri. Petro alikuwa na kazi ya upishi kwenye gesti yake, na chumba kwa ajili yangu na binti yangu Zena. Lakini Mzee Kibwana, mwenyekiti wa wavuvi na baba mkubwa wa mume wangu, alisema mke wa mtu hahami bila ruhusa ya mumewe. Ruhusa hiyo ningeiomba wapi, kwa vyura?

Njia ilikuwa moja tu. Wavuvi wa Magoha hawaopoi wavu wa mtu kabla mwenyewe hajaitwa. Anaitwa mara tatu, watu wameelekea majini, na wito wa tatu ni wa mtu wa nyumbani kwake. Akiitika, wavu ni wake, hauguswi. Akinyamaza mara zote tatu, wavu ni taka, unachomwa, na mwenyewe anahesabiwa amekufa. Matanga huanza siku hiyo hiyo. Wavu wa Ashrafu ulikuwa bado umo, hatua ishirini kutoka ukingoni, na hakuna aliyethubutu kuusogelea. Nilitaka aitwe. Nilitaka kimya. Siwafichi.

Siku mbili za kwanza zilikuwa za kuchekesha. Kila wavu ulipofikiwa, mwenyewe aliitwa, naye alikuwa amesimama pale pale maji kiunoni, akaitika kwa aibu kwamba ndiyo, ni wake, aliutupa yeye. Nyavu zilitoka zimejaa mifupa na magamba. Uvundo ulitufanya tufunge khanga puani.

Siku ya tatu, jua la utosi, wakaufikia wavu wa Ashrafu. Tomasi, mvuvi mwenye nguvu kuliko wote, aliinua pindo tu, maana pindo linaruhusiwa. Akalinusa.

"Mzee," alisema, "huu hauna uvundo. Umeshonwa."

Tulisogea. Hapakuwa na mfupa hata mmoja. Kila palipochanika palikuwa pamezibwa kwa rambo za bluu zilizosokotwa nyembamba, na mafundo yote yalielekea kushoto. Ashrafu alikuwa mtu wa shoto. Hapa kwetu hakuna mwingine anayefunga fundo namna ile. Naapa, nilipandwa na hasira. Miaka mitatu paa langu linavuja, na mtu yuko huko anashona wavu!

Mzee Kibwana aliita wa kwanza. "Ashrafu!" Vyura wakanyamaza.

Tomasi akaita wa pili. "Ashrafu!" Kimya. Moyo wangu ukaanza kuchangamka, Mungu anisamehe.

Ikabaki zamu yangu. Sasa, mimi nilifundwa kwamba mke halitaji jina la mumewe, na tangu harusi yangu sikuwahi kulitaja. Wiki nzima nilikuwa nimelifanyia mazoezi nikipara samaki. Ashrafu, Ashrafu, mpaka likawa jepesi. Nikajaza kifua, nikafungua kinywa, na ulimi ukatoa kile ulichokizoea.

"Baba Zena!"

"Naam, mama Zena."

Haikuwa sauti kubwa. Ilitoka chini ya maboya, sauti ya mtu mwenye kazi mkononi, anayeitika bila kuinua kichwa. Punda wa Koinet walikurupuka na magunia yao. Petro aliingia kwenye pikapu akapandisha vioo katika joto lile. Tomasi alikuwa tayari nchi kavu, na hata leo hajui alifikaje.

"Nimekosea jina!" nilimpigia kelele Mzee Kibwana. "Baba, nimekosea. Turudie!"

Mzee aliinua vidole vitatu. "Wito ni watatu, mkwe wangu. Ameitika." Akamwamuru Tomasi arudi kulaza pindo kama lilivyokuwa, na Tomasi, huku analia, akarudi. Kisha mzee akanigeukia. "Nenda nyumbani ukapike. Mumeo yupo."

Bwawa sasa ni safi, na kambale wamenona. Petro ananunua tena, ila gari huliacha mbali. Kazi ya gesti alimpa mwanamke wa Masanze. Wavu mmoja tu umebaki Magoha, nao kila masika unazidi kuwa mpana. Na watu wakinikuta njiani, baada ya salamu zangu na za mtoto, huniuliza kwa adabu, "Na baba Zena hajambo?"

Salamu haiachwi bila jibu. Nasema hajambo.