Dawa ya Mtu Mwingine

Kaka yake, fundi cherehani asiyeisha utani, alimwita Daktari wa Panya. Dada mwenyewe hakuwa daktari. Alikuwa mtafiti wa maabara yenye panya wa majaribio, na kwa miaka sita alikuwa akihangaika na kimeng'enya kimoja tu. Alishamweleza kaka yake mara nyingi: ndani ya kila seli, uzi wa vinasaba umezungushwa kwenye shanga za protini ziitwazo histoni. Kimeng'enya hicho hubandika alama kwenye histoni. Kikiharibika hubandika kupita kiasi, uzi unakazwa, na jeni za kuzuia saratani zinanyamaza. Yeye na wenzake walikuwa wamepata dawa ya kukidhibiti, na majaribio kwa wagonjwa yalikuwa yameanza.

Basi kaka alipogundulika kuwa na saratani ya tezi za limfu, na matibabu ya hospitali yakashindwa mara mbili, wifi yake, mke wa kaka, alimfuata mtafiti hadi getini kazini. Hakulia. Alisema tu kwamba dawa imo kwenye friji ya maabara, na anayeumwa ni damu yake. Mtafiti akamjibu kwamba dawa ile haitolewi kwa mlango wa nyuma, ila angemtafutia kaka nafasi kwenye majaribio. Kwanza kipande cha uvimbe kipimwe.

Siku tisa alifanya kazi huku akisubiri. Mara mbili alimwaga sampuli. Majibu yalipokuja aliyasoma akiwa amesimama. Kimeng'enya cha kaka kilikuwa kizima. Saratani yake ilitokana na kitu kingine, na dawa ingemwongezea madhara tu: wagonjwa wanne wa majaribio tayari walikuwa wamepungukiwa chembe za kugandisha damu.

Alimkuta kaka sebuleni, amepakata suruali ya mteja, anaikunja pindo. Akamweleza bila kuzunguka. Kaka aliendelea kushona mpaka pindo likaisha.

"Kwa hiyo miaka yote hii ulikuwa unamtafutia dawa mtu mwingine," alisema.

"Ndiyo, kaka."

"Na huyo mtu, inamsaidia?"

"Wapo ambao uvimbe unapungua."

Kaka alikata uzi kwa meno. Wifi, aliyekuwa ameketi kando akisikiliza, aliinuka, akaingia jikoni na kufunga mlango.

Kaka alifariki baada ya wiki kumi na moja. Msibani, wifi alimpa mtafiti mkono bila kumtazama usoni. Mtafiti aliporudi maabara alikuta ripoti: mgonjwa wa saba wa majaribio ameanza kutembea tena. Wenzake walikuwa wakipongezana. Aliitia ripoti sahihi, akaenda chooni, akafungulia bomba ili asisikike akilia.