Kilo Mbili na Robo

Fundi baiskeli yule walimwita Mizani, na jina lilimkaa. Kabla ya safari alipima kila kitu kwenye mizani ya jikoni: soksi, pampu, hata mswaki, ambao aliukata mpini. Mkewe alisema iko siku atakata vidole vya miguu apunguze mzigo. Mizani hakucheka. Mbishi yule mtu, we acha tu!

Mwenzake wa safari kwa miaka tisa alikuwa shemeji yake, kaka wa mkewe, mtu mpole, mnene kidogo, asiyejua kuacha kitu nyumbani. Mwaka huu walikuwa wanakwenda mwendo wa siku nne, hadi kwenye kaburi la mama mkwe, aliyefariki mwaka uliopita. Begi la Shemeji lilikuwa limevimba. Chini kabisa mlikuwa na kitu bapa, kigumu, kimefungwa kwa taulo.

"Nini hiki?" Mizani aliuliza, akikipima kwa kiganja. "Kilo mbili na robo hii!"

"Hicho usikiguse. Utakijua tukifika."

Siku mbili nzima Shemeji alibaki nyuma, anahema, keria inalia kwa kila shimo. Mizani alimsubiri kila kilima huku damu inamchemka. Asubuhi ya siku ya tatu walisimama darajani, Shemeji akavuka barabara kununua mkate. Mbele yao ulikuwa mlima mrefu kuliko yote. Mizani akafungua begi, akachomoa lile taulo na kilichomo, wala hakulifunua, akalitupa mtoni. Chubwi! Kitakuwa kibao cha kukatia mboga tu, au jiwe la kunolea visu. Shemeji haishiwi vituko. Atanishukuru huko juu, akajiambia.

Na kweli, Shemeji aliupanda mlima ule bila kushuka hata mara moja. Kileleni alikuwa anacheka, jasho linamtiririka.

"Umeona, Shemeji?" alisema. "Leo Mama ananisukuma."

Mizani alicheka naye. Kicheko kile alikuja kukijutia kuliko hata kitendo chenyewe.

Siku ya nne, makaburini, Shemeji alipiga magoti akafungua begi. Akatoa sweta, sufuria, viatu. Akapekua hadi chini. Akaligeuza begi, akalikung'uta.

"Kibao," alisema. "Kibao cha jiwe, chenye jina la Mama. Nimekichonga mwenyewe, miezi mitano. Alinipakia kwenye baiskeli kunipeleka shule miaka saba, Shemeji. Nikasema nami nimpakie mara hii moja."

Mizani angeweza kusema kimeanguka njiani. Uongo ulishamfika ulimini, ila alishindwa kuutoa mbele ya kaburi lile.

"Nilikitupa mimi. Pale darajani. Nilidhani nakusaidia."

Shemeji hakupaza sauti. Heri angepaza, heri angempiga! Alirudisha vitu kimoja kimoja, akafunga mikanda.

"Alikuwa mama yako na wewe," alisema.

"Nisamehe, Shemeji. Nipe mzigo wote nibebe mimi."

"Wa nini? Si umeshaupunguza?"

Akapanda baiskeli, akaenda zake. Mizani alimfuata, akakanyaga pedali mpaka mapaja yakawaka moto, na mgongo wa Shemeji ukazidi kuwa mdogo mbele yake. Alipofika kileleni mwa kilima cha kwanza, barabara ilikuwa tupu. Miaka tisa yeye ndiye aliyekuwa anasubiri. Leo hakuna aliyemsubiri.