Umesamehewa, Lete Funguo

Kikundi cha vijana cha kanisa kilikuwa na sheria moja iliyopendwa kuliko amri zote kumi: ukikosa, simama mbele, lia kidogo, usamehewe. Aliyeitunga ni mlezi wao, nesi wa chanjo ambaye vijana walimwita Mama Sindano, kwanza kwa siri, kisha hadharani walipoona hajali.

Aliyeifaidi zaidi ni kijana mshika funguo za ukumbi. Huyo aliitwa Bomba, kwa kuwa machozi yake hayakuwa na mgao. Alikuwa amesamehewa mara sita kwa kosa lile lile la kuchelewa kufungua mlango, na kila toba ilikuwa tamu kuliko iliyotangulia.

Jumamosi hiyo ya mazoezi ya nyimbo alichelewa saa nzima. Vijana ishirini wakaanikwa juani kama nguo. Alipotokea akipiga mluzi, mpiga ngoma wao, binti wa fundi cherehani, akamtandika kichwani kwa kitabu cha nyimbo. Kitabu kikachanika mgongo. Kichwa kilibaki salama.

Ndani, kesi ikaanza. Bomba akapita mbele bila kuitwa.

"Ndugu zangu, mimi ni mavumbi," akasema, na machozi hayo. "Shetani alinishika mguu pale mlangoni kwetu..."

"Shetani gani?" binti akadakia. "Ulikuwa kwa kinyozi! Mpaka sasa unanuka spiriti."

Watu wakaangua kicheko, wakakumbuka wako wapi, wakakohoa. Bomba akasamehewa kwa makofi, mara ya saba.

Katibu, kijana wa miwani aliyependa kanuni kama wenzake wanavyopenda mpira, akamgeukia binti. "Dada, zamu yako. Simama utubu. La sivyo, kanuni ya tano: tunakufuta leo hii."

"Silii. Nikisema najuta nitakuwa nimeongopa kanisani, na hilo ni kosa la pili. Nifuteni."

Alisema hivyo, lakini vidole vyake vilikuwa vimeng'ang'ania ukingo wa ngoma. Mama Sindano akaviona. Kwao binti alikuwa wa tano kati ya saba, na cherehani ililia kutwa. Hapa tu ndipo alipopata kupiga kelele zake mwenyewe.

Mikono ya kumfuta ikaanza kuinuka. Mama Sindano akajiona mjinga mwenye stashahada. Miaka mitatu amegawa msamaha kama vidonge vya maumivu, kila mtu viwili viwili, awe anaumwa kichwa au amevunjika mguu. Na fungu kubwa limekwenda kwa anayejua kulia.

"Shusheni mikono. Bomba, mwanangu, umesamehewa?"

"Nimesamehewa, mama, utukufu kwa..."

"Vizuri. Lete funguo."

Machozi yakakatika papo hapo. "Lakini si nimesamehewa?"

"Sisi tumekusamehe. Mlango bado. Atashika katibu miezi mitatu. Ukiwahi mazoezi yote, tutazungumza."

Binti akacheka.

"Nawe funga mdomo. Umempiga mtu kwa kitabu cha kanisa."

"Cha nyimbo tu, mama."

"Ungechukua Biblia kubwa tungekuwa matangani. Jumapili hii hupigi ngoma. Na kila Jumamosi utafika mapema ubandike vitabu vilivyochanika, mpaka viishe. Lakini kikundini unabaki."

"Na kuomba radhi?"

"Utaomba siku itakayokutoka yenyewe. Za kulazimishana tumeshiba."

"Mama, kanuni ya tano je?" katibu akauliza, kalamu juu.

"Ifute hiyo."

Jumapili waliimba bila ngoma, wakayumba kama gari lenye pancha. Mchungaji alimtazama Mama Sindano. Mama Sindano akaitazama dari.

Jumamosi iliyofuata Bomba alifika mapema, amenuna, akamkuta binti barazani na kopo la gundi. Mama Sindano alikuwa kwenye kona ya ukuta, akijifanya anatafuta hereni.

Binti akapaka gundi mgongo wa kitabu. Kisha akasema, "Kichwa kiliuma?"

"Siku mbili."

"Pole. Ile nilizidisha."

"Ulizidisha kweli."

"Ila na wewe ulituchomesha jua."

"Najua," Bomba akasema, macho makavu kabisa.

"Haya, shika hapa. Usiachie mpaka ikauke."