Maji Imefunika Rula Yote

Ofisi aliyofanyia kazi Lorine hapa Kisumu ilitoa tahadhari za mafuriko kwa vijiji vya Kano. Mfumo wao ulipokea vipimo kutoka vyanzo vingi: vifaa vya kupima mvua vilivyofungwa milimani, picha za setilaiti, na SMS za watu waliosoma kina cha mto kwa macho. Kila chanzo kilileta taarifa kwa namna yake, kwa hiyo kila kimoja kiliundiwa adapta, kipande cha programu cha kukiunganisha na mfumo na kugeuza taarifa zake ziwe za muundo mmoja. Adapta ya SMS aliiandika Lorine mwenyewe.

Akello, mkulima wa mpunga karibu na Ahero, alituma namba kila asubuhi, kina cha mto kwa mita. 1.8. 2.1. Kwa miaka miwili hakukosa hata siku moja.

Jumanne moja ya Aprili alikuta mto umemeza rula iliyochorwa kwenye nguzo ya daraja. Hapakuwa na namba ya kusoma. Akaandika: "Maji imefunika rula yote. Ambieni watu watoke." Kisha akakimbia nyumbani kwa mumewe, Gordon, ambaye kiharusi kilikuwa kimemlaza mwaka mzima. Ofisi ikitoa tahadhari, boti ya uokoaji hutumwa. Akaingoja.

Adapta ilitafuta namba katika ujumbe ule, ikakosa. Lorine alikuwa ameiagiza kwamba ikikosa namba ichukue ya jana. Ikapeleka 2.1. Kwenye skrini ya ofisi, Kano ikabaki kijani, rangi ya usalama. Saa sita mchana maji yalibomoa ukuta wa nyumba ya Akello.

Siku ya tatu Lorine alifungua kumbukumbu za adapta, akaukuta ujumbe. Akamwita mkuu wake, Jay. Jay aliusoma mara mbili.

"Tutaandika ni hitilafu ya kiufundi," alisema. "Na usiende huko."

Alienda. Akello alikuwa katika darasa la shule walikohifadhiwa waliofurikiwa, ameketi sakafuni.

"Mama, mimi ni Lorine wa ofisi ya mafuriko. Ujumbe wako ulifika."

Akello akainua macho. "Ulifika?"

"Ulifika. Programu niliyoandika ilijua namba tu. Maneno yako iliyaacha. Hakuna mtu aliyeyasoma."



"Nilimweka Gordon juu ya meza," alisema Akello. "Maji yalipofika kifuani mwake nilimwambia, vumilia, nimeshawaandikia, wanakuja. Alifariki akiniamini, nyathina, mwanangu."

Lorine alitaka kuomba msamaha. Akello akamwonyesha mlango kwa mkono, bila hasira.

Wiki ya pili ilipokwisha, Gordon alikuwa bado mochari. Boma lao, ambamo mila ilitaka azikwe, lilikuwa chini ya maji, na hapakuwa na udongo mkavu wa kumchimbia kaburi.