Farasi wa Upande wa Kulia

Katika bonde la At-Bashy kila mtu hupanda farasi kwa upande wa kushoto. Watoto hupanda hivyo, vikongwe hupanda hivyo, na hata mlevi anayetoka harusini akiwa amesahau jina lake hutia mguu wa kushoto kwenye kikuku cha tandiko bila kukosea. Aliyekuwa akipanda kwa kulia alikuwa mmoja tu, Kubat wa Toktosun, na Kubat alifunikwa na poromoko la theluji mwezi wa tatu, yeye pamoja na jike mzee wa baba yake aliyekuwa amempanda.

Tuseme kweli, mguu wa Kubat aliuvunja baba yake. Toktosun alikuwa fundi wa farasi kwa njia ya zamani, ya kamba na mabavu: unamfunga mnyama miguu, unamziba macho, unamrukia mgongoni, unamkimbiza kwenye shamba lililolimwa mpaka mapaja yake yatetemeke. Siku mbili, kazi imekwisha. Kubat alipokuwa na miaka kumi na miwili alipandishwa juu ya jike aliyefunzwa kwa siku mbili hizo, jike akasimama wima akaanguka kinyumenyume, na mfupa wa mguu wa kushoto wa mtoto ukaunga vibaya. Tangu hapo alichechemea. Kwa kuwa mguu ule haukuweza kubeba uzito wake kwenye kikuku, akajifunza kupanda kwa kulia. Na tangu hapo hakuwahi kumpigia farasi kelele.

Alipokuwa mtu mzima akawa na njia yake. Aliingia zizini, akapindua ndoo, akaikalia huku amempa farasi mgongo. Saa nzima, siku nzima ikibidi, mpaka mnyama mwenyewe aje kumnusa shingo. Kisha chumvi kwenye kiganja, kisha gunia mgongoni, kisha tandiko, mkanda ukikazwa tundu moja kwa siku. Baba yake alikuwa akiegemea ua na kucheka mpaka machozi. Alisema mwanawe anaposa, hafunzi farasi.

Farasi wa mwisho kufunzwa hivyo alikuwa dume mwekundu mwenye baka jeupe kwenye paji, na kwa baka hilo akaitwa Kashka. Asubuhi ile ya mwezi wa tatu kondoo dume walikuwa wamekwama bonde la juu, na Kubat akaomba jike wa baba yake ili akawafuate. Toktosun alikuwa na hasira za kukosa usingizi.

"Si una farasi wako," alimwambia. "Mwaka mzima unamnong'oneza kama bibi harusi, na hujamkalia hata siku moja. Utampanda lini, nikiwa kaburini?"

Kubat alitabasamu. Alisema siku ya Kashka bado. Akamtandika jike, akaondoka, na hayo ndiyo maneno ya mwisho waliyosemezana. Toktosun alikuwa akiyakumbuka kila alipofungua kinywa, hata kuomba chumvi mezani, kwa hiyo akawa mtu wa maneno machache.

Karamu ya kumaliza msiba ilipangwa mwezi wa kumi, makundi yakisharudi kutoka malisho ya juu. Wiki tatu kabla yake, Mambetaly, kaka mkubwa wa Toktosun, alikuja, akanywa bakuli tatu za maziwa ya farasi yaliyochachuka, ndipo akasema lililomleta. Jike aliyekufa na Kubat alikuwa wa baba. Marehemu mwenyewe hajapata farasi wake. Farasi aliyekaliwa na marehemu ni wa marehemu, na siku ya karamu huchinjwa ili mwenyewe asitembee kwa miguu huko aliko. Shehe wa msikiti alikwisha sema mara nyingi kwamba mambo hayo hayamo katika dini. Watu walimwitikia amina na wakaendelea kunoa visu.

Toktosun alisema Kubat hakumkalia Kashka hata siku moja. Kaka yake akauliza anajuaje. Anajua kwa sababu alimsimanga kwa jambo hilo hilo asubuhi ya kifo chake. Aliitoa aibu yake kama shahidi mahakamani, na Mambetaly akatazama chini.

Lakini Sairakan, mama wa Kubat, alikuwa mlangoni na kitambaa chake cha msiba. Zamani alimwita mumewe baba Kubat, kama mke yeyote. Tangu mazishi alimwita mzee tu.

"Mwanangu hawezi kutembea mwendo mrefu," alisema. "Mnajua nyote. Mpeni farasi wake."

Mambetaly ndiye aliyekata shauri. Toktosun amfunze Kashka, na siku ya karamu ampande mbele ya watu. Farasi akimkubali, ni wake, na kitakachochinjwa kitatoka kundi la Mambetaly. Akimkwepa, basi ana mwenyewe tayari, na kisu kitafanya kazi yake.

Kesho yake Toktosun aliingia zizini. Kamba aliiacha ukutani. Ndoo ya mwanawe ilikuwa bado imepinduliwa pale pale, nyasi zimeota kuizunguka, na yeye, mzee wa miaka sitini na tatu aliyewacheka wakaaji wa ndoo, akaikalia na kumpa farasi mgongo. Aliona haya hata mbele ya mbwa.

Haikuchukua saa nzima. Alisikia kwato, kisha pumzi ya moto shingoni, upande wa kulia. Alipogeuka polepole, Kashka hakuwa akimtazama yeye. Alikuwa akitazama nyuma ya bega lake, masikio mbele, kama farasi anavyomtazama mtu wake akija. Toktosun aliangalia huko. Palikuwa na ua, na juu ya ua mlima. Hakuondoka kwenye ndoo.

Ikawa hivyo kila siku. Chumvi ililiwa, gunia likakubaliwa, tandiko likakaa kana kwamba lilizaliwa mgongoni pale. Siku ya nane alishika singa za shingo, akatia mguu wa kushoto kwenye kikuku, akaanza kuegemeza uzito. Kashka hakuruka wala hakupiga teke. Alizunguka kidogo tu, taratibu, mpaka ubavu wake wa kulia ukawa mbele ya mzee. Kisha akapanua miguu, akajikaza, akashusha pumzi, akangoja.

Toktosun alimrudisha. Akazunguka tena. Mara ya tatu mzee alibaki na mikono hewani. Mnyama huyu alikuwa anajua mtu wa kulia. Na katika bonde zima mtu wa kulia alikuwa mmoja.

Alipita mbele ya kichwa cha farasi, akaja upande ule wa ajabu, akatia mguu wa kulia kwenye kikuku na kujikokota juu kama gunia la unga. Kashka hakutikisika. Mzee alipokwisha kaa, farasi aliondoka bila kuambiwa, akatoka langoni, akafuata kijito, akapanda kilima cha nyuma, akaingia katikati ya vichaka vya mierebi na kusimama. Alisimama kama aliyefika.

Kutoka pale ua wa Toktosun ulionekana wote: zizi, bomba la moshi, benchi ambalo yeye mwenyewe hukaa jioni akinywa chai na kuwasema watu. Ardhini palikuwa na alama nyingi za kwato, za zamani, zilizokauka kwenye tope, zote za farasi mmoja, zimerundikana mahali pamoja. Kubat alikuwa akija hapa. Alikaa juu ya farasi wake, kimya, akimtazama baba yake. Mara ngapi? Na asubuhi ile alipotabasamu, alikuwa anangoja nini? Kwamba farasi awe tayari, au kwamba baba yake awe tayari? Toktosun alilia pale juu mpaka ndevu zikalowa, na Kashka alimngoja amalize.

Basi farasi alikuwa wa marehemu. Kwa desturi yao hilo halikuwa na mjadala, na Toktosun hakuwa mtu wa kuichezea desturi. Lakini kilichobaki cha mwanawe duniani kilikuwa mle, katika ule mzunguko mdogo wa ubavu, na baada ya wiki mbili kingechemka sufuriani.

Kulikuwa na njia. Farasi aliyefundishwa kulia hufundishika kushoto. Toktosun alianza siku ile ile, kwa upole wote aliojifunza kwenye ndoo: chumvi akisimama kushoto, kiganja shingoni akitulia kushoto. Siku ya tatu Kashka alianza kusita. Siku ya nne alizunguka nusu, akajirudi mwenyewe, akamtazama mzee kwa jicho la kuuliza. Hapo Toktosun alikiona anachofanya. Alikuwa anamfuta mwanawe kwa chumvi. Mguu ule aliuvunja mara moja kwa nguvu. Sasa alikuwa anauvunja tena, safari hii kwa upole, na upole ulikuwa unafanya kazi vizuri zaidi.

Alimwaga chumvi kwenye majani, akatoka zizini akichechemea.

Alimwambia jirani ni goti. Akawaambia wachungaji ni goti, baridi imeingia mfupani, mguu haukanyagi, hata farasi itabidi apande upande mwingine. Walimpa pole, wakamtania kwamba uzee umembishia hodi na kukuta mlango wazi. Jambo likaonekana jepesi, mpaka alipofika nyumbani.

Sairakan alikuwa jikoni, mgongo mlangoni, akikanda unga. Mumewe alipanda ngazi tatu za mbao: hatua moja nzito, moja ya kuburuta, moja nzito. Bila kugeuka, mama yule alinyoosha mkono, akatoa bakuli la bluu rafuni, akalijaza chai, akaweka siagi pembeni kama Kubat alivyopenda. Kisha akageuka. Walitazamana. Lile bakuli halikuwa limeshuka tangu mwezi wa tatu. Sairakan alimwaga chai nje na kulirudisha bakuli juu.

Toktosun alitaka kuacha siku ile. Kumfanyia mwanamke yule hivyo kulikuwa ukatili, na alijua. Lakini kila alipofika ngazini miguu yake ilishika mwendo ule yenyewe, na kila alipoingia, Sairakan alisimamisha mikono ndani ya unga. Kwa siku tisa hakuna aliyelitaja.

Siku ya karamu watu walijaa ua hadi njiani. Mambetaly alisimama na mwenye kisu kando yake. Kashka aliletwa, ametandikwa. Toktosun alichechemea kupita mbele ya kichwa cha farasi, akaenda upande wa kulia, na minong'ono ikaenea. Kashka alijikaza, akashusha pumzi, akangoja. Mzee akapanda, akamzungusha ua mara mbili, hatamu zikiwa zimelegea.

"Wapanda kulia siku hizi?" Mambetaly aliuliza. Hakuwa mjinga.

"Goti, kaka."

Mambetaly alimtazama farasi kwa muda mrefu. Halafu akafanya ambalo Toktosun alikuwa akiliogopa. Alimgeukia shemeji yake, mbele ya wote, mwanamke aliyeomba farasi huyu achinjwe.

"Mama Kubat, wewe ndiye unayelala naye nyumba moja. Hilo goti linamuuma kweli?"

Sairakan alimwangalia Kashka, akaangalia upande ule wa tandiko ambao hakuna mtu mwingine aliyewahi kuutumia. Alijua. Yeyote angeona kwamba alijua.

"Linamuuma," alisema. "Tangu majira ya baridi."

Jike mnene wa Mambetaly akachinjwa, nyama ikagawanywa, dua zikasomwa, na jua lilipoelekea kushuka wageni walikuwa wamekwenda. Mume na mke walibaki na sufuria. Toktosun alizisugua moja baada ya nyingine.

"Nimemnyima farasi wake," alisema. "Huko anatembea kwa miguu."

Sairakan alikuwa akipangusa mabakuli. Hakulia, alikuwa amekwisha lia siku nyingi akikanda unga.

"Anatembea hapa," alisema. "Namsikia kila siku ngazini." Akaliweka bakuli la bluu juu ya meza, si rafuni. "Lakini jana uliburuta mguu wa kulia, baba Kubat. Wake ulikuwa wa kushoto."

Toktosun alichukua ndoo ya maji ya farasi. Alishuka ngazi polepole, akifikiria kila hatua, akauburuta wa kushoto hadi zizini, na Sairakan alisimama jikoni akisikiliza mpaka lango lilipofungwa.