Mshumaa wa Kimo cha Adérito

Walimleta Adérito ufukweni juu ya machela ya mwani, ndugu zake wanne, kila mmoja na mpini wake. Ilikuwa Jumapili ya Utatu, maji yamekupwa, na kijiji kizima kilikuwa kimeshuka mchangani. Kiti chake cha magurudumu kilikuwa kimezama hatua kumi tu kutoka barabarani. Kaka yake mkubwa, Custódio, alirudi nyumbani, akachukua machela ile ya mbao tunayobebea mwani kutoka majini hadi kwenye mashamba ya viazi, akaisuuza, akatandika koti lake juu.

"Miaka yote nimeibeba mimi," Adérito alisema walipompakia. "Leo na yenyewe inibebe."

"Mwani hauna maneno mengi hivi," Custódio alimjibu.

"Wala hauli mkate wangu," akadakia mwingine.

Watu walicheka. Nami nilicheka. Nilikuwa nimesimama mlangoni mwa kanisa, nimekumbatia mshumaa uliofungwa shuka nyeupe, na niliamini kwamba siku ile ingekuwa njema.

Kanisa letu ni dogo, limekaa juu ya mwamba katikati ya mchanga, na limeipa Atlantiki kisogo. Mlango unatazama nchi kavu. Wazee walituambia kwamba Bikira wa Mwamba aliikataa bahari tangu zamani, kwa sababu makelele yake yalimzuia asisikie maombi ya watu. Maji yakijaa hulizunguka kanisa pande zote. Yakitoka, huacha povu kwenye ngazi.

Baba yangu alikuwa fundi mishumaa. Hakuwa mtu wa kufundisha, kwa hiyo nilijifunza kwa kumtazama mikono. Kwetu mtu akikabiliwa na jambo zito, mama yake humwahidi Bikira mshumaa wa kimo chake. Akipona, au akirudi salama, mshumaa mrefu kama yeye husimamishwa mlangoni mwa kanisa siku ya Utatu, na yeye mwenyewe huuwasha kwa mkono wake. Kipimo huchukuliwa kwa uzi wa pamba, kutoka utosini hadi kisiginoni, na uzi huohuo ndio huwa utambi. Fundi huutundika darini, akaumiminia nta iliyoyeyuka kwa upawa, akingoja kila tabaka likauke. Ni kazi ya siku nyingi. Haitaki haraka wala hasira.

Bi Firmina alimleta mwanawe Adérito karakanani kwetu Januari ya mwaka sitini na tisa, siku tatu kabla meli haijawachukua vijana kwenda vitani Guinea, iliyokuwa koloni la Ureno. Mimi nilikuwa na miaka ishirini, na ilikuwa imeshakubaliwa kwamba akirudi tutaoana. Baba aliniachia uzi, akaenda kushughulikia moto.

"Simama wima," Bi Firmina alimwambia. "Usimdanganye Bikira."

"Nikirudi nimerefuka je, mama?"

"Wewe rudi tu."

Nilimwekea ncha ya uzi utosini, nikaushusha mgongoni, nikapiga magoti hadi kwenye kisigino chake. Koti lake lilikuwa linanukia chumvi. Mita moja na sentimita sabini na nane. Mama yake alipotoka kuagana na baba, Adérito aliniinamia.

"Utanisubiri?"

"Uzi ninao mimi," nilimwambia. "Utakwenda wapi?"

Nilikuwa mwepesi wa maneno siku zile. Niliuviringisha uzi, nikautia ndani ya mkebe wa biskuti.

Mwezi wake wa ishirini huko, lori lao lilikanyaga bomu lililofukiwa njiani. Hakuwahi kunisimulia zaidi ya hapo, ila mara moja alisema, "Barabara ilikuwa yao, Deolinda. Sisi ndio tulioingia." Madaktari walimkata miguu yote miwili juu ya magoti. Kutoka hospitali ya Lisbon aliniandikia barua fupi: mtu niliyemwahidi hayupo tena, niwe huru. Nilimjibu kurasa mbili kwamba nipo palepale nilipokuwa. Sikuwa nadanganya. Ila katika kuandika nilikuwa na muda wa kuchagua maneno.

Alirudi Aprili. Kila nilipokwenda kumwona nilimkuta ameshakaa nyuma ya meza, blanketi limefika kiunoni, bakuli la supu mbele yake. Tulizungumza habari za viazi na za mawimbi. Harusi haikutajwa naye, wala nami.

Siku nane kabla ya Utatu, Custódio aliingia karakanani wakati naosha upawa.

"Adérito anasema uende ukampime."

"Kumpima?"

"Ndivyo alivyosema. Uende wewe, si baba yako."

Nilikuwa na neno la mtu mwingine kichwani. Jana yake Bi Firmina alikuwa amekaa palepale karakanani, kitambaa cheusi mpaka kwenye nyusi. "Nilimwahidi Bikira mtoto mzima," aliniambia. "Kimo nilichoahidi ni kilekile. Simpunji Mungu mimi." Sikumlaumu, na hadi leo simlaumu. Lakini si yeye aliyenizuia. Nilijiona nimepiga magoti mbele ya Adérito na uzi mkononi, natafuta mahali anapoishia, naye ananitazama nikitafuta. Nikajiambia kwamba namwepushia aibu.

"Mwambie uzi ninao," nilisema.

Custódio aligeukia mlango. "Nimwambie hivyohivyo?"

"Hivyohivyo."

Alivaa kofia yake akatoka. Nami nikafungua mkebe wa biskuti.

Sijawahi kutengeneza mshumaa mzuri kuliko ule. Ulinyooka, haukuwa na povu wala mkunjo, rangi yake kama mkate kabla haujaiva. Niliupa kila nilichokuwa nacho. Siku ile mlangoni mwa kanisa, padri alipomaliza kuomba, niliufungua shuka na Bi Firmina akanisaidia kuusimamisha kwenye kinara chake cha chuma. Ndugu zake waliteremsha machela, wakaiweka mchangani kando yake.

Hapo ndipo sote tulipoona. Nta ilimpita Adérito zaidi ya mikono miwili. Ilisimama pembeni yake kama mtu mrefu aliyekuja na kumziba mwanga.

Padri alimpa kiberiti. Adérito alikiwasha, akakikinga upepo kwa kiganja, akanyoosha mkono. Haukufika. Alijiinua kwa mkono mwingine, machela ikalia chini yake, akanyoosha tena. Niliisikia bahari nyuma ya ukuta. Hakuna aliyesogea. Kisu cha kukatia utambi kilikuwa mfukoni mwa aproni yangu, na ningeweza kuukata mshumaa ule mbele ya watu wote. Ningeweza pia kumkumbatia nikamwinua. Nilimtazama Bi Firmina, nikautazama mshumaa. Adérito sikumtazama mpaka kijiti kilipomuunguza vidole akakidondosha.

"Hukuja," aliniambia.

Hakuwa na hasira. Alisema kama mtu anayesoma jina juu ya mlango.

Bi Firmina alichukua kiberiti, akauwasha mwenyewe, akilia na kumshukuru Bikira kwa sauti.

"Nirudisheni, Custódio," Adérito alisema. "Maji yanajaa."

Maji hayakuwa yameanza kujaa.

Mwezi uliofuata alihamia Lisbon, akajifunza kutengeneza redio. Nilimwandikia barua tatu, kila moja ndefu kuliko iliyotangulia. Hakujibu. Baadaye nilisikia anaishi na mwanamke fundi wa viatu, na kwamba wanachekeshana sana. Nilifurahi, au nilijitahidi kufurahi. Mimi nilibaki na karakana. Watu huniletea nyuzi walizopimiwa zamani na mama zao, nami huwaambia waje wenyewe niwapime walivyo leo. Wengine hunung'unika kwamba Deolinda amekuwa msumbufu. Nawapima hivyohivyo.

Adérito alirudishwa kuzikwa kwetu Februari iliyopita. Custódio, ambaye sasa anatembelea fimbo, alinikuta nimesimama mlangoni pao. Aliona nilichoshika mkononi.

"Umekuja," alisema, akanipisha.

Yule mwanamke wa Lisbon alikuwa ameketi kando ya jeneza. Nilimweleza habari ya uzi na mshumaa, akasikiliza mpaka mwisho, kisha akamfunua shuka mwenyewe, taratibu, kama alivyozoea. Niliweka ncha ya uzi utosini. Nywele zilikuwa nyeupe. Niliushusha kwenye bega, kwenye nyonga, hadi alipoishia. Ilikuwa mita moja na upana wa kidole. Haikuwa vigumu kupaona.

Nta ilinichukua siku sita. Siku ya saba, Jumanne isiyo na sikukuu yoyote, niliubeba mshumaa hadi mlangoni mwa kanisa, nikausimamisha mchangani. Ulinifika kiunoni. Nilipiga magoti ili tulingane. Upepo ulizima kijiti cha kwanza, na cha pili. Nilibaki palepale, nikatoa cha tatu.